Marimba Mbili za Mto Mmoja: Kisa kutoka Pwani ya Pasifiki ya Colombia

Kisa hiki kinahusu kijiji kilicho karibu na mdomo wa mto, kusini mwa pwani ya Pasifiki ya Colombia, katika ukanda unaoanzia Buenaventura na kushuka kupitia Timbiquí na Guapi hadi Tumaco, karibu na mpaka wa Ecuador. Majina ya kijiji, ya mto na ya wahusika yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha yamebadilishwa. Nimekiandika kwa ajili ya walimu wa muziki, maofisa utamaduni na yeyote anayeandaa mradi wa kuhifadhi mambo ya wazee. Humu kuna mradi wa nia njema uliokaribia kuwanyamazisha watu uliokuja kuwasaidia.

Usuli

Wakazi wengi wa pwani hii ni wazao wa Waafrika walioletwa utumwani kuchimba dhahabu katika migodi ya Barbacoas na mito ya jirani. Utumwa ulifutwa kwa sheria ya 1851, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1852. Waliopata uhuru wao, wengine hata kabla ya hapo kwa kujinunua, walisambaa kandokando ya mito wakaishi kwa kuvua, kulima migomba na kuchekecha dhahabu. Katiba ya 1991, na baada yake Sheria ya 70 ya 1993, ziliwatambua kuwa jamii yenye haki ya kumiliki ardhi kwa pamoja kupitia mabaraza ya jamii. Kumbuka hayo mabaraza, maana ndiyo yaliyokiokoa kisa hiki.

Muziki wao umejengwa juu ya marimba. Vibao vyake huchongwa kwa mti mgumu wa jamii ya michikichi uitwao chonta, na chini ya kila kibao huning'inia mwanzi mnene wa kuvumisha sauti. Hupigwa na watu wawili kwa pamoja, mmoja upande wa sauti nzito na mwingine upande wa sauti nyembamba. Pembeni huwa na ngoma mbili kubwa ziitwazo bombo, ngoma mbili za kupigwa kwa viganja ziitwazo cununo, na wanawake wenye guasá, vipande vya mwanzi vilivyotiwa mbegu. Msomaji wa pwani yetu ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa ujuzi huo ulitoka bara gani. Ulivuka Atlantiki vichwani mwa watu, kwa kuwa mikononi hawakuachiwa kitu.

Nyimbo hufuata maisha. Currulao ni ya kucheza. Arrullo huimbiwa watakatifu na Mtoto Yesu. Chigualo huimbwa katika mkesha wa mtoto mdogo aliyefariki, ambaye huaminiwa kwenda moja kwa moja mbinguni akiwa malaika, kwa hiyo ngoma hulia na watu hucheza. Mtu mzima akifa huimbiwa alabao, bila chombo chochote, na matanga huendelea kwa usiku tisa. Katika nyimbo za ibada na za mkesha anayeongoza ni mwanamke. Nitamwita manju, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo hasa: anaanzisha, anatunga papo hapo, na wenzake wanaitikia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo mapadri waliohubiri kwamba marimba ni chombo cha shetani, na simulizi za marimba zilizotupwa mtoni bado zinasimuliwa. Muziki ulipona. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mwaka 2015 uorodheshaji huo ukapanuliwa kuingiza jimbo la Esmeraldas la Ecuador, kwa kuwa mpaka wa nchi haukuwahi kuwa mpaka wa muziki. Jina rasmi la urithi huo linataja mambo matatu: muziki wa marimba, nyimbo za jadi na ngoma za kucheza.

Katika kijiji cha kisa hiki mradi ulikuta fundi mmoja mzee wa kutengeneza marimba, marimba mbili za majumbani (moja ikiwa imekwisha kuharibika), na kikundi cha wanawake wapatao kumi na wawili wanaoimba. Vijana wengi walikuwa wamehamia Cali na Buenaventura, baadhi kwa kutafuta kazi, baadhi kwa kuyakimbia makundi yenye silaha yaliyogombania mito kwa ajili ya biashara ya koka, mmea wa kutengenezea kokeini.

Sauti ya zamani ilivyokuwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa bila kuelewa jambo hili mgogoro wote utaonekana kuwa ubishi wa wazee.

Wataalamu hugawa oktavo, yaani umbali kutoka sauti moja hadi mwenzake wa jina lilelile aliye juu, katika vipande 1200 viitwavyo senti. Kwenye piano, ngazi ya Do kuu, yaani ile ya do, re, mi, fa, so, la, ti, hupanda kwa hatua za aina mbili: kubwa za senti 200 na ndogo za senti 100. Marimba za kale za Pasifiki ya kusini hazikupangwa hivyo. Fundi alisikiliza kwa sikio lake, na nyingi kati ya zilizopimwa huelekea kwenye hatua saba zinazokaribiana kwa ukubwa, kila moja ikizunguka senti 170, ingawa hakuna mbili zilizo sawa kabisa na kila fundi ana ladha yake. Hatua mbili za namna hiyo zikijumlishwa hufika karibu senti 340, mahali ambapo piano haina kitufe: kati ya ile sauti ya senti 300 tuliyozoeshwa kuisikia kuwa ya huzuni na ile ya 400 tuliyozoeshwa kuisikia kuwa ya furaha. Yeyote aliyewahi kuwasikiliza waimbaji wa Kigogo wa Dodoma anajua kwamba utamu wa sauti hauishii kwenye vitufe vya piano.

Mpangilio huu una faida moja kubwa. Hatua zikiwa karibu sawa, mpigaji anaweza kuanzisha wimbo uleule kwenye kibao chochote na wimbo ukabaki ni uleule. Manju akiamka na kifua kizito, au akiwa amezeeka na sauti imeshuka, anaanza pale sauti yake ilipo, na marimba inamfuata. Kwenye marimba ya Do kuu jambo hilo haliwezekani. Ukihama kibao cha kuanzia, hatua kubwa na ndogo hubadilishana nafasi na wimbo hupotea sura. Hapo mwimbaji ndiye anayelazimika kuifuata marimba.

Mradi ulivyoingia

Fedha zilitoka nje ya kijiji na kupitia ofisi ya wilaya. Lengo lilikuwa shule ya muziki kwa watoto na vijana, alasiri za siku za wiki. Hati ya manunuzi ilitaka marimba nne «zilizopangwa kwa Do kuu», ngoma, na gitaa la besi. Fundi wa mjini ndiye aliyepewa kazi. Mwalimu alikuwa kijana mzaliwa wa kijijini aliyesomea muziki Cali, mtu mwenye bidii na mapenzi ya kweli na kwao.

Sababu za kuchagua Do kuu hazikuwa za kipuuzi. Marimba ya namna hiyo inapatana na gitaa, kinanda na tarumbeta. Mtoto anaweza kujifunza kwa kitabu au kwa video. Vikundi vingi vinavyopanda jukwaani kwenye tamasha la Petronio Álvarez, linalofanyika Cali tangu 1997 kwa heshima ya mtunzi wa Buenaventura mwenye jina hilo, hutumia marimba za mpangilio huo, na kwa kijana wa mtoni tamasha hilo ni mlango wa kujulikana na kujipatia riziki. Waandishi wa hati waliona wanawapa watoto chombo kinachofungua milango.

Fundi mzee hakuulizwa. Wanawake hawakuulizwa. Bajeti nzima haikuwa na mstari hata mmoja wa waimbaji.

Yaliyotokea

Mwaka wa kwanza shule ilijaa. Watoto waliokuwa hawajawahi kushika vijiti vya kupigia marimba walipiga currulao tatu nne kwa ufasaha, na wazazi walifurahi. Dalili ya kwanza ilionekana katika mazoezi ya kuandaa kikundi cha tamasha, wanawake walipoalikwa kuja kuimba. Manju mkuu, bibi aliyeimba tangu utotoni, alianzisha wimbo kwa sauti yake. Marimba ikaingia mahali pengine. Alianza tena, ikawa vilevile. Mwalimu, kwa heshima zote, akamwomba apande kidogo, kwa kuwa vibao havishuki. Alipanda. Baada ya nyimbo chache koo lilikwaruza, na waitikiaji waliokuwa wakimfuata kwa sikio wakagawanyika, wengine wakishika sauti ya bibi na wengine ya marimba.

Hakulalamika. Wiki iliyofuata alituma salamu kwamba ana shughuli shambani. Wenzake nao wakapungua mmoja mmoja. Mwalimu alidhani ni uchovu, akawaweka wasichana wawili wa shule waimbe badala yao. Wasichana walijua maneno na walikaa vizuri kwenye Do kuu, ila hawakujua kutunga papo hapo, na nyimbo za ibada zisizotungwa papo hapo huisha mapema: mtakatifu hajafika kanisani, beti zimekwisha.

Jambo lilijitokeza hadharani Desemba. Kwenye mito ya ukanda huu, sikukuu ya Bikira Maria husindikizwa na mitumbwi na vyelezo vilivyopambwa kwa mishumaa, wanawake wakiimba arrullo kwa ngoma. Mwaka ule shule ilileta marimba mpya gatini. Manju aliomba, kwa upole lakini mbele ya watu, wapige ngoma na guasá tu, marimba inyamaze. Ikanyamaza usiku kucha. Fundi mzee, ambaye kila mwaka hutandika marimba yake kwenye baraza ya nyumba yake ili msafara usimame hapo, safari hii hakuitandika.

Mratibu wa mradi alipopata habari alitoa pendekezo la haraka: marimba ya mzee ichongwe upya ilingane na nne za shule, ili kijiji kizima kiwe na mpangilio mmoja. Alikuwa tayari kulipa. Fundi alikataa, na baraza la jamii likaitisha mkutano.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu utaratibu. Mwenyekiti wa baraza aliamua wanawake waseme kwanza, kisha fundi, kisha wapigaji, na mwalimu pamoja na mratibu wa mwisho. Alijua kwamba mratibu akianza na ripoti ya mafanikio, hakuna bibi atakayesimama kusema kinyume mbele ya mgeni. Walipoanza wao, lililosikika halikuwa malalamiko dhidi ya shule. Walieleza kwamba marimba ile haiwasubiri. Mwalimu alikiri baadaye kwamba katika miaka yote ya masomo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba marimba inatakiwa kumsubiri mwimbaji.

Uamuzi wa pili: marimba ya zamani isiguswe. Sababu ya fundi ilikuwa ya kiufundi na haikuwa na jibu. Kibao kikichongwa katikati upande wa chini, sauti hushuka; kikichongwa kwenye ncha, hupanda; na mti ulioondoka haurudi. Mwanzi ulio chini yake nao una urefu unaolingana na sauti ya kibao. Ukiufupisha unapanda, kuurefusha haiwezekani, na mwanzi usiopatana na kibao hukifanya kilie kikavu bila mvumo. Kubadilisha mpangilio kungekuwa kuiua marimba ile na kutengeneza nyingine kwa maiti yake. Na ilikuwa ya mwisho iliyobaki nzima.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuziacha aina zote mbili, kila moja na kazi yake. Nyimbo za tamasha na zile za kupiga pamoja na gitaa zingetumia marimba za shule. Arrullo, chigualo na mikesha ya nyumbani zingetumia mpangilio wa mto. Wapo waliotaka marimba za mjini zirudishwe kabisa. Walishindwa, nami naona ilikuwa sawa, kwa kuwa watoto walikuwa wameshazipenda na kuwanyang'anya kungewafanya wauchukie upande wa wazee.

Uamuzi wa nne ndio uliogharimu zaidi: fundi atengeneze marimba mpya kwa mpangilio wa zamani, vijana watatu wakiwa wanagenzi wake, na manju akae naye wakati wa kupanga sauti. Kanuni za mradi hazikuruhusu kumlipa mzee asiye na cheti wala namba ya mlipakodi. Baraza, kwa kuwa ni chombo kinachotambuliwa na sheria, likatia saini mkataba kwa jina lake na kumlipa fundi na manju kutoka hapo. Manju alilipwa sawa na fundi. Baadhi ya wanaume walinung'unika, mwenyekiti hakurudi nyuma.

Mwisho, kabla ya kazi kuanza, marimba ya zamani ilirekodiwa kibao kwa kibao na sauti zake kupimwa. Nakala iliwekwa mikononi mwa baraza na haikupandishwa mtandaoni. Wageni kadhaa walikwisha kurekodi wazee wa mto huo miaka ya nyuma, wakaondoka na kanda, na kijiji hakina hata moja.

Matokeo

Kazi ya kwanza iliharibika. Ripoti ya mwisho ilitakiwa Novemba, hivyo vijana wakaenda msituni na msumeno wa mashine bila kungoja mwezi uwe mwembamba. Wazee wa huko hukata chonta mwezi ukiwa unapungua, wakisema mti huwa na maji machache na wadudu hauwapendezi. Vibao vile vilitobolewa na wadudu kabla ya kukauka. Fundi hakuwagombeza, aliwaonyesha vumbi la mbao chini ya vibao, kisha akawaambia wasubiri. Chonta ya pili ilikatwa kwa wakati wake na kukaushwa juu ya moshi wa jiko kwa miezi. Ripoti ilipelekwa bila marimba.

Marimba ilikamilika baada ya mradi kufungwa rasmi. Siku za kupanga sauti, manju alikaa kwenye kigoda, akaimba beti moja, fundi akachonga kidogo, akaimba tena. Wakati mmoja alikataa kibao ambacho kifaa cha kupimia kilionyesha kinalingana na kile cha marimba ya zamani. Fundi alimfuata yeye, akakiacha kifaa. Desemba iliyofuata wanawake waliimba nayo, na wale wasichana wawili wa shule walikuwa miongoni mwa waitikiaji.

Kati ya wanagenzi watatu, mmoja alihamia Cali kwa kazi ya ujenzi, na familia ya mwingine iliondoka mtoni baada ya kutishiwa. Aliyebaki anaweza kukata, kukausha na kuchonga, lakini hatua ya mwisho ya sauti bado anampelekea mzee, ambaye macho yake yamefifia. Kikundi cha shule kinaendelea kupiga, na wapigaji wake wanne wanamudu mipangilio yote miwili. Alabao hazikuguswa na lolote katika haya. Watoto bado hawakai kwenye matanga, na wanawake wanaozijua zote wanazeeka.

Uchambuzi

Kosa la mzizi lilikuwa ndani ya hati ya manunuzi, katika maneno mawili: Do kuu. Aliyeyaandika huenda alinakili kutoka hati nyingine. Kwa maneno hayo aliamua ni nani atamfuata nani katika muziki wa watu asiowajua. Ndiyo maana nasema ofisi ya ugavi ni mahali pa kwanza pa kulindia urithi, au pa kuupotezea. Huko Colombia sheria ya 2008 ya urithi inataka kila urithi usioshikika ulioorodheshwa kitaifa uwe na mpango wake maalumu wa kuulinda. Mpango huo unaweza kuwa mzuri kiasi gani, lakini hausaidii kitu kama anayenunua vyombo hakuusoma.

Kosa la pili ni kuusoma urithi nusu. Jina lake rasmi linataja nyimbo, ila mradi uliona marimba kwa sababu marimba inahesabika, inapigwa picha na kupewa namba ya mali. Sauti ya bibi haina risiti. Matokeo yake fedha zilikwenda kwenye sehemu ya muziki inayoshikwa zaidi na wanaume, na sehemu ya wanawake ikachukuliwa kuwa itajitokeza yenyewe bure. Ningeshauri bajeti ya mradi wowote wa namna hii ianze na waimbaji, halafu vyombo vifuate.

Sikubaliani hata hivyo na wanaoihukumu marimba ya Do kuu kuwa usaliti. Wanamuziki wa Pasifiki wenyewe wameitumia kwa miaka mingi, kwa hiari yao, na wametoa nayo muziki mkubwa. Mila inayobadilishwa na wenyewe bado ni yao. Hapa watu hawakupewa nafasi ya kuchagua. Baada ya mkutano walichagua, na wakachagua zote mbili.

Lililofanya kazi vizuri kuliko yote ni mpangilio wa kusema katika mkutano ule, na uwezo wa baraza kutia saini. Bila ardhi ya pamoja na chombo cha kisheria kilichotokana nayo, kijiji kingekuwa na hoja nzuri na mikono mitupu. Kulipa manju sawa na fundi nako kuliwafanya wasichana waone kwamba kuongoza wimbo ni kazi.

Udhaifu wa suluhisho ni kwamba limegawa muziki kati ya jukwaa na nyumbani. Jukwaa lina fedha na nauli ya Cali; nyumbani kuna mishumaa na chai ya usiku. Kijana mwenye kipaji ataelekea wapi, si vigumu kukisia. Njia moja ambayo kikundi kimeanza kuijaribu ni kupanda jukwaani na marimba ya mto kwa wimbo mmoja au miwili, manju akiwa mbele, mpiga besi akikaa kimya. Na kuhusu alabao, mradi wa shule haukuwa chombo chake tangu mwanzo. Zinafundishwa kwenye msiba, na anayetaka watoto wazijue itambidi azungumze na wazazi kuhusu kuwaruhusu wakeshe.

Hivi karibuni kijiji cha mto wa pili kimeomba vipimo vya marimba ile ili kitengeneze ya kwake. Baraza limekubali mwanagenzi aende kuwafundisha kukata na kukausha. Vipimo vyenyewe halijavitoa, kwa sababu wanawake wanataka mto ule umtumie manju wao kupanga sauti, na majirani wanasema manju wao amekwisha kufariki. Mazungumzo hayo yanaendelea.